Nilipanga Mazishi ya Mume Wangu Akiwa Bado Anatibiwa

Kwako Bi. Nabututu,

Kabla sijaeleza lolote nina ombi moja, kwamba uisome barua hii mpaka mwisho ndipo unihukumu, kwa sababu ukiishia katikati utadhani mimi ni mwanamke mbaya, na ukifika mwisho huenda ukawa na hakika, lakini angalau utakuwa umejua yote. Huwa nasoma ukurasa wako kila Jumatano hapa dukani kwangu Otonglo, na nimewahi kuwacheka watu wanaokuandikia, nikisema moyoni kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kujiingiza katika mambo kama hayo, na leo ni mimi.

Nina miaka arobaini na miwili, nilimaliza kidato cha nne, nauza mbegu na dawa za mifugo. Mume wangu Ogola ni fundi wa trekta za kubeba miwa huko Muhoroni, na kabla hajaugua alikuwa akirudi nyumbani kila Jumamosi na grisi kwenye kucha. Tuna watoto wawili, Debra aliye kidato cha tatu na Mark wa gredi ya sita. Hapa Otonglo tumepanga. Kwao ni Seme, ambako baba yake alimwonyesha mahali pa kujenga miaka kumi na minne iliyopita lakini hajajenga, kila mara anasema watoto wasome kwanza. Hili la kujenga utaona baadaye kwa nini nalitaja.

Mimi ni mtu wa kuandika. Tangu nikiwa kidato cha pili naweka shajara, kila siku naandika tarehe na mambo ya siku hiyo, hata kama ni mistari miwili, kwa hivyo haya ninayokueleza sikuyakisia, nimeyatoa mle.

Tarehe 14 Januari tulipewa majibu ya kile kipande walichomkata shingoni, na ilikuwa saratani ya tezi za limfu. Daktari alitueleza kwa upole kwamba aina hii mara nyingi husikia dawa, kwamba Ogola atapewa kemo mara sita, kila baada ya wiki tatu, na kwamba hawezi kutuahidi kitu ila kuna sababu ya kujaribu. Mimi nililia pale pale kitini. Ogola akamuuliza, “Sita tu, daktari? Kuna trekta nimefungua injini mara tisa na bado inabeba miwa.” Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo. Nywele zilipoanza kutoka alimwita Debra amnyoe zote, akajitazama kwenye kioo akasema amefanana na MCA wa wadi yetu ambaye hakumpigia kura. Akitapika asubuhi anaoga, anakaa nje kwenye benchi, na mtu akipita akimjulia hali anamjibu, “Niko kwa gereji, wananifungua.” Kule kwenye chumba cha kemo aliwajua wenzake wote kwa majina, na kuna mama mmoja wa Kisian aliyekuwa akiogopa sindano ambaye hakubali kudungwa mpaka Ogola afike aketi karibu naye amtanie. Aliyekosa nguvu katika nyumba yetu ni mimi niliye mzima.

Tarehe 6 Machi, siku tisa baada ya kemo ya pili, nilimpima joto saa nane mchana nikakuta thelathini na tisa, nikafunga duka nikaita teksi, na akalazwa. Kitanda cha kando yake kilikuwa cha Mzee Owiti, mwenye ugonjwa kama wake, ambaye tarehe 7 jioni aliniomba nimsogezee maji nikamsogezea, na asubuhi ya tarehe 8 nilipofika na uji nilikuta kitanda chake kimetandikwa shuka jipya. Ogola alikuwa amelala na dripu, midomo imekauka, na nikasimama katikati ya vile vitanda viwili na kitu kikakatika ndani yangu. Nilitoka nje ya wodi, na nikiwa pale nje Gordon, kaka yake mkubwa, akanipigia simu.

“Shemeji, ako aje?”

“Amelala.”

“Sikia, wacha tuongee kama watu wazima. Ndugu yangu hana nyumba hapa dala.”

“Gordon, mtu ni mgonjwa. Hajafa.”

“Kwani nani ametaja kufa? Mimi nimesema nyumba. Unajua vile kwetu huwa. Mwanamume ako na bibi na watoto, akiletwa hapa siku moja bila nyumba, tutamweka wapi? Kwa nyumba ya kijana wa nani? Watu watatucheka mpaka tuhame.”

Kwa wasomaji wasio wa huku nieleze kidogo. Kwetu Wajaluo mwanamume mwenye familia hutakiwa awe na nyumba yake katika boma la kwao, ile tunaita dala, na akifa bila nyumba watu humjengea moja ya haraka kabla mwili haujafika, kwa siku mbili tatu, na waombolezaji wote wanaona mabati yanang’aa na wanajua. Niliona aibu hiyo kwa mjomba wangu kule Nyakach na sikuisahau. Lakini najua pia, kama kila mtu wa kwetu anavyojua, kwamba nyumba huanzishwa na mwenyewe akiwa amesimama pale, na sijawahi kusikia mtu mzima akianzishiwa nyumba kisiri na mke wake na kaka yake. Nilijua hayo yote na bado nikamwambia Gordon, “Anzeni, lakini asijue.” Maneno hayo ni yangu, si ya Gordon.

Siku hiyo hiyo nilifungua shajara kutoka nyuma, nikaandika kichwa MIPANGO, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Niliandika nyumba vyumba viwili, mlango uangalie lango. Niliandika picha ya kukuzwa ni ile ya ubatizo wa Mark. Niliandika suti ya kahawia. Niliandika kwaya, hema, nani asome historia yake, na nani asipewe kipaza sauti hata akiomba kwa sababu hunywa. Yalikuwa mambo kumi na saba. Nakwambia ukweli Bi. Nabututu, nilipomaliza nilipata usingizi mzuri kuliko wiki zote zilizotangulia.

La kumi na saba ndilo linalonifanya nisiweze kukutazama usoni hata kwa karatasi. Niliandika hivi: “Ikiwezekana iwe likizo ya Agosti, watoto wasikose masomo.”

Ogola hakufa. Tarehe 10 aliruhusiwa, na tarehe 18 Machi alipewa kemo ya tatu, na daktari alimpapasa shingo, akampapasa tena, akasema uvimbe umepungua zaidi ya nusu. Siku hiyo Ogola alinunua samaki mzima wa kukaanga hapa Otonglo akammaliza mwenyewe, wa kwanza kummaliza tangu Januari. Nimefungua shajara ya siku hiyo kukutafutia nilichoandika, na ni hiki: “Uvimbe umepungua. Fundi anataka misumari ya paa.” Sentensi hizo mbili zimefuatana na mimi niliyeziandika sikuona kitu. Sikusimamisha ujenzi. Nilijiambia kuta zimeshapigwa, nilijiambia Gordon atanionaje, lakini kusema kweli kuna sehemu yangu ambayo haikumwamini daktari, ilikuwa bado imesimama katikati ya vile vitanda viwili.

Jumamosi tarehe 5 Aprili nilikuwa dukani. Ogola alitaka kuhakikisha saa ya kwenda kliniki Jumanne, na kadi huwa naiweka ndani ya shajara, na mbele mle ndimo nilimoandika saa za dawa zake zote, kwa hivyo alikuwa akiifungua mara nyingi hata mimi nikiwepo. Siku hiyo aliifungua kutoka nyuma, akasoma yote mpaka ile misumari ya paa. Niliporudi saa kumi nilimkuta ameketi mezani, shajara imefungwa mbele yake na kalamu juu yake.

“Nimekusahihishia,” akasema.

Nilidhani ni saa za dawa. Nikafungua. Kando ya suti ya kahawia ameandika kwa zile herufi zake kubwa, HAINITOSHI TENA. Kando ya picha ameandika, HII NIMEFUNGA MACHO. Kando ya Agosti ameandika neno moja, NITAJITAHIDI.

Hakupiga kelele. Tangu anioe amekuwa akiniita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, na tangu siku hiyo ananiita Katibu. “Katibu, chai iko?” “Katibu, kamati inakaa lini?” Watoto wanacheka wakidhani ni mchezo mpya wa baba yao, nami nacheka nao, halafu naenda bafuni nafungulia mfereji.

Jumanne tarehe 8, siku ya kemo ya nne, nilimwekea maji ya kuoga saa kumi na mbili asubuhi.

“Ya nini?” akaniuliza.

“Leo ni kemo, Baba Debra.”

“Kemo ya nani? Mtu ashajengewa. Ama mnataka nichelewe Agosti?”

Akageukia ukutani. Kesho yake nilimwita Gordon aje azungumze naye, na Gordon akajaribu, akasema, “Ndugu yangu, ile ni nyumba tu. Nyumba haiui mtu.” Ogola akamwambia, “Asante, Gordon. Na ile shimo mmepima, ama mnangoja nikonde zaidi?” Gordon aliondoka bila kumaliza chai. Tarehe 10 Ogola alimpigia Waliaula, fundi mwenzake wa Muhoroni, aje achukue spana zake zote, zile ambazo hata Mark haruhusiwi kuzishika.

Na bado sijakwambia kinachoniumiza zaidi. Sista Benta wa kliniki alipopiga simu kuuliza kwa nini hakufika, Ogola alimjibu, “Ni mafua kidogo tu, Sista.” Gordon alipomuuliza hasira ni ya nini, alisema ni nyumba, hakusema Agosti. Debra alimuuliza mbele yangu, “Baba, kwani mama alikukosea nini?” Akamjibu, “Mama yako hajanikosea. Ni mimi nimechoka na sindano.” Mtu niliyemwandikia mwezi wa kufa ananificha aibu yangu kwa watoto wangu, na mimi nilikaa pale nikimenya viazi nikamwacha aseme hivyo.

Sista Benta amesema aje Alhamisi tarehe 17, kwa sababu baada ya hapo kliniki inafungwa kwa Pasaka, na dawa zikikatwa katikati ule uvimbe unaweza kurudi ukiwa sugu. Leo ni tarehe 12. Nimefikiria kuichoma shajara. Nimefikiria kumwambia nilikuwa nimechanganyikiwa, ingawa sikuwa. Nimefikiria kumwita mchungaji. Gordon anasema tumwache, hasira itapoa yenyewe. Nifanye nini ili aende Alhamisi, na kama hatanisamehe nitaishije naye, na kama hatakwenda nitaishije na mimi mwenyewe?

Majina nimeyabadilisha. Tarehe sijabadilisha hata moja.

Mke wa Fundi,
Otonglo.

*

Mke wa Fundi,

Barua yako ilifika Jumamosi na ilikuwa na tisa mbele yake. Nimeirusha juu ya zote, na wenye zile tisa wanisamehe, kwa sababu ukurasa huu unatoka Jumatano na Alhamisi yako ni kesho. Kwa hivyo sina nafasi ya kukubembeleza. Funga duka kwanza, halafu endelea kusoma.

Wewe si mwanamke mbaya. Umefanya jambo baya, na ninafurahi kwamba hukujaribu kunipunguzia. Nilikuwa muuguzi katika wodi ya wanaume kwa miaka kumi na tisa kabla sijaanza kuandika hapa, na nimewaona wake, waume, mama na kaka wakisimama kando ya kitanda cha mtu anayepumua huku macho yao yakipima sebule itatosha watu wangapi. Karibu wote hupanga. Hupanga kichwani, wakajichukia, wakaenda nyumbani wakapika. Wewe ulipanga kwa rula.

Unashangaa kwamba ulilala vizuri usiku ule. Mimi sishangai. Kungoja bila kujua kunachosha kuliko kazi ya shamba, na wewe umezoea mambo yenye tarehe. Ulipoona kitanda cha yule mzee kimetandikwa ukachoka kungoja, ukajipa jibu mwenyewe ili upumzike. Ulimzika mumeo upate usingizi. Lakini yeye alikuwa hai, alikuwa kwenye dripu akipigana na homa, na daktari alipokuambia anashinda, ulienda kununua misumari. Hapo ndipo ninapokukemea hasa. Tarehe 8 Machi uliogopa, na woga ninausamehe. Tarehe 18 uliona haya mbele ya shemeji yako, ukaiacha nyumba iendelee ili usiulizwe maswali. Haya zako ulizitanguliza mbele ya uhai wa mumeo, na hata sasa zinataka kutangulia tena. Ndizo zinazokwambia uchome shajara. Ndizo zinazokwambia umlete mchungaji, azungumze yeye ili usizungumze wewe. Mchungaji aje baada ya Pasaka, tena aje kunywa chai.

Sasa nisikilize kuhusu Ogola, kwa sababu nadhani umemsoma vibaya. Unadhani amekata tamaa ya kuishi. Mimi nimewaona waliokata tamaa. Hawasahihishi karatasi ya mtu. Hawatanii. Hawadanganyi kliniki kwamba ni mafua, huzima simu. Mtu anayesema “mafua kidogo” anataka nafasi yake kule isifutwe. Na mtu anayemficha binti yake kosa la mama anafikiria mtakavyokaa meza moja mwezi ujao na mwaka ujao. Huyo bado anaishi, mama. Zile spana zinanitia wasiwasi, sikufichi, na ndiyo maana nasema ni leo. Lakini naona mtu aliyeumizwa anayengoja kujua kama kuna hata mmoja katika familia yake anayemtarajia awe hai mwezi wa Septemba. Alikuwa akiwachekesha wote, wewe, daktari, yule mama wa Kisian, na siku alipofungua ile shajara aligundua kwamba alikuwa peke yake katika imani hiyo. Mtu yeyote angegeukia ukutani.

Kwa hivyo ukimaliza kusoma, kabla hujaenda nyumbani, mpigie Sista Benta. Mwambie ukweli kwamba mgonjwa hakuwa na mafua, kwamba kulikuwa na jambo la nyumbani na kosa ni lako. Usione hii ni ndogo. Mgonjwa wa kemo akifika na faili yake imeandikwa mafua, wanaweza kumrudisha nyumbani wakihofia maambukizi, na utakuwa umepoteza Alhamisi kwa uongo ambao hata si wako. Muulize afike saa ngapi kupimwa damu.

Kisha mpigie Gordon. Mwambie fundi ashuke kwenye paa leo, na mlango ufungwe, na ufunguo uletwe mikononi mwa Ogola na Gordon mwenyewe. Na wewe Gordon, najua utasomewa ukurasa huu na mtu. Mimi ni mtu wa Bungoma lakini nimekaa Kisumu muda wa kutosha kuheshimu mila yenu ya nyumba, na sisemi nyumba ni mbaya. Nasema mwenye nyumba mlimruka. Nenda umwambie ulikosea kuanza bila yeye, halafu umuulize anataka ifanywe nini. Akisema ibomolewe, bomoa, hata kama mabati ni mapya. Akisema iwe ghala la mahindi, iwe ghala. Akisema atakwenda mwenyewe kuonyesha mlango uangalie wapi, utakaa kimya ushike kamba ya kupimia upande wako. Na usimwambie tena kwamba nyumba haiui mtu. Hakuna aliyekuuliza.

Halafu wewe, Mke wa Fundi. Watume watoto kwa jirani. Keti mbele ya mumeo, si kando yake, na useme yale maneno kwa kinywa chako. Usiseme “yale niliyoandika.” Sema, “Niliandika kwamba ikiwezekana ufe Agosti. Sikuwa nimechanganyikiwa. Niliogopa nikakuacha peke yako. Nimekosa.” Kisha nyamaza. Usimweleze habari za yule mzee asipokuuliza. Usilie kwa namna itakayomfanya akuonee huruma, kwa sababu amekuwa akiwaonea huruma nyinyi wote tangu Januari na leo ni zamu yake. Akikutukana, pokea. Akikuita Katibu, itika. Mpe ile shajara akitaka kuirarua au kuiweka, ni juu yake, ila wewe usiiguse. Ukiichoma utakuwa umemfanyia tena jambo bila kumuuliza.

Na Debra aambiwe, si leo, na si kila kitu, lakini asibaki akiamini kwamba baba yake alishindwa na sindano. Hilo utalimaliza wiki hii. Ni deni lako, si la Ogola.

Uliniuliza ufanye nini ili aende. Huwezi kumfanya aende. Unaweza kumwomba, mara moja, kwa sentensi fupi: “Sijui kama utapona, lakini nataka upone, na nakuomba uende kesho.” Hiyo tu. Usiunganishe kliniki na msamaha. Usimwambie “kama umenisamehe utakwenda,” kwa sababu ukifanya hivyo kukataa kliniki ndiko kutakuwa njia yake pekee ya kukuadhibu, na atakuadhibu kwa mwili wake mwenyewe. Mwambie wazi kwamba anaweza kwenda akiwa amekukasirikia. Nimewadunga watu wenye hasira kali sana na dawa ikafanya kazi yake vilevile. Mwambie pia anaweza kuchagua wa kwenda naye, awe Gordon, awe Waliaula, awe mtu wa kanisani. Akimchagua mwingine usinune.

Sikuahidi kwamba atapona. Daktari wake hakuahidi, na mimi si daktari. Inawezekana siku moja mtahitaji kuzungumza juu ya kifo, na siku hiyo mzungumze wote wawili, yeye akiwa ndiye mwenye neno la kwanza na la mwisho, kwa sababu kifo ni chake. Lakini kwa sasa mna uvimbe uliopungua zaidi ya nusu na sindano tatu zilizobaki, na hiyo ndiyo kazi iliyo mezani.

Jambo moja zaidi, kwa sababu nisipolisema utajimaliza bure. Unasema wewe ndiye uliyekosa nguvu. Nani alipima joto saa nane mchana tarehe 6 Machi? Nani alifunga duka akaita teksi bila kungoja jioni? Nimewaona watu wa kemo wenye homa waliongojewa mpaka jioni, na hawakufika asubuhi. Uliandika jambo hilo kwa mstari mmoja kama kitu cha kawaida, na inawezekana ndilo lililomfikisha kwenye ile sindano ya tatu. Ulidhani matumaini ni kitu kinachokuja moyoni, na kwa sababu hakikuja ukadhani huna. Kwa mwenye mgonjwa matumaini mara nyingi ni kipimajoto, maji yaliyochemshwa, na kufika kwa wakati. Hayo uliyafanya hata siku ambazo ulikuwa humwamini daktari. Yafanye tena, hata kama moyo bado uko wodini.

Kuhusu msamaha, usimhesabie siku. Unaweza kuchukua mwaka. Unaweza kuja nusu. Utaishi naye kama watu wanavyoishi na wenzao waliowakosea, kwa kutenda vizuri muda mrefu bila kudai risiti.

Kesho amka saa kumi na moja. Pasha maji ya kuoga, usimuulize kama atayatumia. Pika uji mwepesi. Weka kadi mezani mahali anapoweza kuiona. Akikuambia ubaki nyumbani, baki, na umwandalie chakula atakachokikuta akirudi. Lakini akivaa viatu, akapita mbele yako bila kusema neno, akatoka na kuuacha mlango wazi nyuma yake, chukua sweta lake, kwa sababu kile chumba cha dawa kina baridi, na umfuate.

Bi. Nabututu